Kompyuta Isiyobebeka

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Shemeji Houda amekuja leo bila taarifa. Mtu anayekuja bila taarifa siku ya Jumatatu ana jambo. Nilijificha chumbani nikijifanya natafuta viatu. Viatu nilikuwa nimevaa.

Jambo lenyewe: anataka kumchukua Assia. Houda ni dada mkubwa wa mke wangu Mwantum. Anakaa Mutanga Nord, nyumba ina geti, na umeme wa kule haukatiki ovyo kama huu wetu wa Buyenzi. Assia ni binti yangu, kitinda mimba, ndiye pekee aliyebaki nyumbani, na sasa anaanza chuo kikuu. Houda anasema kutoka kwake hadi chuo mtoto anatembea tu, lakini kutoka hapa ni safari, na siku hizi mafuta hakuna, mabasi hakuna, atafika darasani ubao umeshafutwa. Yote ni kweli. Ndiyo maana nilikasirika.

Assia akaulizwa yeye mwenyewe anaonaje. Akasema shida yake ni moja tu, kompyuta ya kufanyia kazi za chuo. Kwa mama mukubwa umeme iko, alisema, lakini ordinateri ni ya bwana yake, tonton Faridi, anaifunika na kitambaa na hakuna mutu anagusa. Na hapa kwa papa... Akanitazama. Hapa papa yupo, kompyuta hakuna.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba kompyuta iko njiani. Houda akauliza njia gani. Nikasema Jumapili itakuwa imefika. Basi tumekubaliana mbele ya Mwantum: Jumapili Houda atakuja kula, aione. Ikiwa ipo na inafanya kazi, Assia anabaki. Ikiwa haipo, anaondoka na godoro lake.

Sina kompyuta. Mimi nauza spea za magari, sijui kompyuta inaanzia wapi. Lakini Assia husoma kwa sauti. Tangu darasa la kwanza anasoma masomo yake kwa sauti sebuleni baada ya Isha, nami nalala nikimsikiliza, na leo usingizi ulinijia katikati ya historia ya Wagiriki. Akienda, nitalala na nini? Naogopa sana.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimekwenda mjini kwa Anouar, muuza kompyuta za mitumba kutoka Ulaya. Nilimwambia nataka ya bei ndogo, ya familia nzima: Assia aandike kazi zake, Mwantum aangalie video ya harusi ya mpwa wake, na mimi nionekane nayo. Anouar akaniuliza umeme wetu ukoje. Nikamwambia ukweli. Katika uwanja wetu kaya tatu tunatumia mita moja, umeme wa kununua kabla, kila kaya inachangia na kila kaya inaamini jirani ndiye anayekula zaidi.

Akanionyesha kitu. Wallahi nilidhani ni sanduku la sabuni. Akasema ndiyo kompyuta yenyewe, inakula umeme kidogo kuliko taa, haina feni, hata betri ya gari inaiwasha, unaichomeka kwenye televisheni yoyote na kazi zote za mwanafunzi inafanya. Nikaiweka kiganjani. Haina uzito wowote. Nikamrudishia taratibu ili nisimvunjie heshima.

Anouar hajui kwamba mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa spea. Sisi bidhaa tunaipima kwa mkono kabla ya kuipima kwa macho. Alternata nyepesi imeibiwa shaba. Betri nyepesi imekufa. Shokomzoba nyepesi, mrudishie mwenyewe na umwombee. Nikaanza kunyanyua kompyuta zake moja moja, na wateja wakasimama kuniangalia. Ya tisa au ya kumi ilinibana mgongo. Nikajua nimepata.

Ni sanduku kubwa jeusi, lilikuwa la ofisi huko Ubelgiji. Anouar akasema, we Atumani, hii inakula sana, uwanja wenu hautaweza. Nikamwambia kizuri chajiuza. Nimeileta kwa baiskeli ya mizigo pamoja na kioo chake cha kutazamia, nikapita barabara ya msikitini makusudi, ingawa si njia yangu. Watu saba waliniuliza nimebeba nini. Niliwajibu wote, na wawili niliwajibu mara mbili.

Mgongo unaniuma lakini moyo umetulia kidogo.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Moyo haukutulia hata siku moja.

Tuliiwasha jioni. Ilinguruma vizuri, kama mashine inayojiheshimu. Assia akaweka mikono kwenye vibonye, Mwantum akaleta kiti, na harusi ya mpwa ikaanza, bibi harusi anaingia ukumbini. Hapo hapo giza. Si kwetu tu, uwanja mzima.

Nikasema ni umeme wa mji umekatika. Lakini taa za msikiti zilikuwa zinawaka. Nikasema msikiti una jenereta. Mwantum akasema jenereta ya msikiti haina mafuta tangu mwezi uliopita. Akaongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi, Baba Assia. Mke wangu ana methali chache lakini anazitumia vizuri.

Adélaïde akatoka. Huyu ni jirani wa chumba cha mbele, anauza juisi ya baridi ya maracuja, yaani pesheni, kutoka frigo yake, na frigo hiyo ndiyo maisha yake. Alirudisha swichi ya mita, umeme ukarudi. Nikawasha tena kompyuta. Giza. Akarudisha. Nikajaribu mara nyingine, kwa sababu katika magari mara ya tatu ndiyo hukubali. Haikukubali, na safari hii hata umeme tulionunua ulikuwa umekwisha.

Kikao kikafanyika pale pale kwenye mita, tukimulika kwa simu. Adélaïde akasema mi sitaki mutu anikulie umeme, juisi yangu ikiyeyuka utakunywa wewe yote. Mzee Cirimwami wa chumba cha nyuma, ambaye ana taa moja na redio, akasema lile sanduku lisiwashwe tena katika uwanja huu. Nikapinga. Tukapiga kura. Hata Mwantum alinyoosha mkono dhidi yangu.

Assia alisoma kwa mwanga wa simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Zimebaki siku chache mno.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Nimerudi kwa Anouar. Sikumpa nafasi ya kucheka, nilianza kulalamika kabla sijafika mlangoni. Akanisikiliza, kisha akaenda kwenye rafu akaleta lile sanduku la sabuni, akaliweka mbele yangu.

Tatizo ni hili. Nitamwonyeshaje Houda kitu kama kile? Mume wake Faridi ana kompyuta yenye kitambaa chake maalumu. Mimi nilete sabuni? Na wale watu saba wa barabarani je? Wameshauambia msikiti mzima kwamba Atumani ana kompyuta ya kunyanyuliwa na wanaume wawili.

Ndipo akili ya spea ikanijia. Gari likifa injini hulitupi, unauza injini unabaki na bodi. Nikamwambia Anouar achukue vyote vilivyo ndani ya sanduku kubwa na kile kioo, anipe ile ndogo, na mimi nibaki na bodi. Akaniuliza bodi tupu ya nini. Nikasema ni siri ya familia. Alikubali haraka kiasi cha kunitia wasiwasi.

Kioo cha kutazamia ninacho dukani, kilikuwa cha kuonyeshea abiria video kwenye basi dogo lililopata ajali, kinatumia betri ya gari. Chaji ya gari ya kuwashia ile ndogo ninayo. Kilichobaki ni betri. Na betri nayo ipo. Ni ya Rénovat, dereva wa teksi. Teksi yake imesimama wiki ya tatu kwa kukosa mafuta, betri ikalala, akaniletea niichaji na kuitunza hadi mafuta yaje. Nimeichaji. Sasa nitaitunza nyumbani badala ya dukani. Betri inayokaa bure inaharibika, kila fundi anajua, kwa hiyo kwa kweli ninamsaidia. Sikumsumbua kwa kumwambia.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Nimefaulu. Alhamdulillahi, nimefaulu peke yangu.

Asubuhi, Mwantum akiwa sokoni, nilipanga kila kitu ndani ya bodi: betri ya Rénovat chini, nyaya pembeni, na ile ndogo katikati, nimeifunga kwa mpira wa tairi. Taa nyekundu ya kuweka mbele ya sanduku nikaitoa kwenye spea za pikipiki. Sanduku linawaka mbele, kioo kinaonyesha, na Assia akaandika ukurasa mzima kuhusu Wagiriki. Akaniuliza kwa nini haingurumi tena. Nikasema imepona. Akaliangalia sanduku, kisha akasema asante papa. Nilitoka nje kidogo kwa sababu ya vumbi machoni.

Baada ya swala ya Ijumaa nilisimama mlangoni mwa msikiti muda mrefu kuliko kawaida. Watu walitaka kujua habari za kompyuta. Niliwaambia ni mashine ya ofisi ya Ubelgiji. Hilo si uongo, bodi ni ya ofisi ya Ubelgiji.

Jioni umeme wa mita ukaisha tena, tukachanga ukarudi. Adélaïde akachungulia dirishani kwetu, akaona sanduku kubwa linawaka taa nyekundu, akahitimisha kwamba ndilo lililoumaliza. Akaenda kwenye mita akachomoa waya wa chumba chetu. Kaa hivyo hadi ujifunze, alisema. Mimi nikacheka moyoni, kwa sababu Assia aliendelea kusoma na kuandika kama kawaida. Wachomoe wanavyotaka!

Usingizi unanijia vizuri, na Wagiriki wanashinda.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Nilicheka mapema. Adélaïde ameona mwanga wetu. Waya wetu umechomolewa, chumba chetu kiko gizani, lakini ordinateri ya Atumani inawaka hadi watu wanalala. Sasa anauambia uwanja mzima kwamba nina waya wa siri na ninaiba umeme. Mzee Cirimwami alinisalimia leo kwa kichwa tu, bila mkono.

Ningeweza kufungua sanduku nikawaonyesha. Dakika moja tu. Lakini nikiwaonyesha sabuni leo, kesho mchana Houda atakuwa anaijua sabuni hiyo hadi rangi yake, maana Adélaïde na Houda hununua vitenge kwa mwanamke mmoja. Kwa hiyo nimechagua kuwa mwizi hadi Jumapili jioni. Ni siku moja tu.

Kuna jambo lingine. Mjini wanasema lori za mafuta zimeonekana. Kila mtu anafurahi. Mimi nimeshindwa kumaliza ndizi zangu. Namwomba Mungu mafuta yaje, watu wanateseka, lakini yaje Jumatatu.

Mwantum ananiuliza kwa nini natazama barabara. Nikamwambia napumzisha macho.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku. Lina nguvu, hilo siwezi kulikana.

Houda alifika baada ya Adhuhuri. Mwantum alipika pilau. Assia akaketi mbele ya kioo, akaandika, akafungua masomo, kisha akaweka harusi ya mpwa, na safari hii bibi harusi aliingia ukumbini hadi akaketi. Houda alilizunguka sanduku. Akasema ni kubwa. Akasema hata ya Faridi si kubwa hivi. Kwa muda wa sahani moja ya pilau nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Buyenzi.

Kisha mlango ukajaa. Alikuwa Adélaïde, na Mzee Cirimwami nyuma yake. Adélaïde akamwamkia Houda kwa heshima zote, akamwomba radhi kwa kuingilia chakula, halafu akasema mbele ya wote kwamba waya wa chumba hiki amechomoa yeye mwenyewe tangu Ijumaa, na hiyo ordinateri inawaka. Atumani atuambie moto wa umeme unatoka wapi. Houda akaweka kijiko chini. Nikaanza kueleza kwamba mashine za Ubelgiji huhifadhi joto.

Sijafika popote, nikasikia Rénovat anaita kutoka barabarani. Mafuta yameingia. Foleni imeshafika kwenye kona. Alikwenda dukani akakuta nimefunga, akaambiwa nilionekana nikibeba betri yake nyumbani. Nikamwambia arudi baada ya Alasiri, nitakuwa nimeshaiandaa. Akasema baada ya Alasiri mafuta yatakuwa yameisha, mi nina watoto, Atumani, nipe betri yangu. Akasema hivyo kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza.

Wote wakanitazama. Nilikuwa na njia mbili, mwizi wa umeme au mwenye sabuni, na sikuweza kuchagua. Mwantum akainuka, akanawa mikono, akaenda kufungua ubavu wa sanduku bila hata kutafuta bisibisi. Akasema aliufungua Ijumaa ile ile akifuta vumbi. Assia akainamisha kichwa. Naye alijua. Nyumba nzima ilinijua kwa siku mbili, ikanihurumia kimya kimya.

Ndani: betri ya Rénovat, nyaya zangu, mpira wa tairi. Adélaïde akainama, akauliza ordinateri yenyewe iko wapi. Assia akamwonyesha kwa kidole. Kadogo hivi? Adélaïde akacheka hadi akashika ukuta. Halafu akajifuta macho, akauliza, kama hii ndogo inakula betri tu, basi nani alimaliza umeme wetu Ijumaa? Kule mbele frigo yake ikanguruma. Mzee Cirimwami akanipa mkono, akaaga.

Rénovat akachomoa betri yake, akaibeba kifuani, akakimbia. Kioo kikawa cheusi.

Nikasubiri Houda anicheke. Hakucheka. Alikuwa anaigeuza ile ndogo mkononi. Akamuuliza Assia kama ni kweli inakubali televisheni yoyote. Assia akasema ndiyo. Houda akasema kule sebuleni kwao kuna televisheni kubwa ambayo Faridi akishasikia habari haigusi tena. Wakatazamana, shemeji yangu mimi, mama mkubwa wa binti yangu, na binti yangu. Niliyaona kabla hawajayasema.

Assia alikuja akapiga magoti mbele ya kiti changu. Akasema papa, mi niliogopa kwenda kule kuomba-omba kitu ya tonton Faridi kila siku. Sasa niko na yangu. Wewe ndiye umenipa. Na inaingia mu sac. Akafungua mkoba wake akanionyesha, iliingia kando ya kitana na bado nafasi ikabaki.

Nikakumbusha makubaliano. Nilisema mbele ya mashahidi: kompyuta ikiwepo na inafanya kazi, mtoto anabaki. Mwantum akaniuliza, taratibu kabisa, kama inafanya kazi sasa hivi. Tukatazama kioo cheusi. Ah.

Atakuja kila Alhamisi jioni, alale hadi Jumamosi. Ameapa. Godoro nililibeba mimi mwenyewe hadi kwenye gari, nikakataa kusaidiwa. Halikuwa na uzito wowote.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Jana Assia alipiga simu baada ya Isha. Akasema mama ameniambia hulali. Akanisomea kurasa mbili kwenye simu, nikalala na simu sikioni. Hata hivyo si sawa. Sauti ya kwenye simu haitoki sebuleni.

Nimekaa nikafikiri vizuri kosa langu lilikuwa wapi, maana mtu mzima lazima ajue alipokosea. Nimelipata. Nilimsikiliza Anouar. Nililetewa kitu chepesi, na kitu chepesi hubebwa. Laiti ile ya Ubelgiji ingebaki na vitu vyake ndani, nani angeitia kwenye mkoba? Mkono wangu ulikuwa umeniambia ukweli tangu Jumanne ile, nami nikaudharau.

Kwa hiyo leo nimerudi dukani kwake. Nimenyanyua zote. Kuna moja kule nyuma ya stoo, Anouar mwenyewe hakumbuki iliingiaje, ina kioo cha zamani chenye mgongo mrefu, nimejaribu kuisogeza ikanishinda. Nikaita mtu, tukashindwa wawili. Nimemwambia aniwekee hiyo hiyo. Assia akija Alhamisi ataikuta sebuleni, atakaa mbele yake, ataipenda, na hakuna atakayeondoka nayo. Mwantum sijamwambia. Nitamwambia ikishafika.

Umeme wa uwanja umeisha tena leo. Adélaïde amekuja kulitazama lile sanduku tupu, amelizunguka, anasema haliamini. Sikulitetea. Angalau kuna mtu mmoja katika uwanja huu anayeamini kwamba nina kompyuta kubwa.

Swali lilikuwa ile mpya itawashwa na nini. Lakini jioni hii, wakati nafunga duka, Rénovat alikuja anatembea kwa miguu. Mafuta yameisha tena. Ameniachia betri niitunze.